Kisu Kilichokuwa Kwenye Suruali ya Mzee

Nina visu vya kukunja arobaini na kimoja, na hakuna hata kimoja kinachokata kitunguu nyumbani kwangu. Mke wangu anakatia kitunguu kisu cha jikoni kilichong'oka mpini. Amekizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, na kila akikishika huniangalia kwanza ndipo akate. Simlaumu. Visu vyangu viko kwenye sanduku la bati chini ya meza ya kazi, kila kimoja ndani ya kitambaa chake, vimepakwa mafuta ya cherehani visishike kutu. Watoto wangu hawajawahi kung'aa hivyo hata siku ya Krismasi.

Arobaini nilivinunua, au nikabadilishana, au nikaviokota. Kimoja nilimwibia marehemu baba yangu, na kwa sababu ya hicho kimoja dada yangu alifukuzwa nyumbani. Watu wakisimulia mambo kama haya hupenda kusema kisu ndicho kilicholeta balaa. Upuuzi mtupu. Kisu hakina miguu wala mdomo. Ni mimi.

Kazi yangu ni kutengeneza makochi hapa Nyamasaria, kando ya barabara ya Nairobi. Ukipita utaona fremu za mbao zimesimama vumbini bila nguo, na mzee mwenye miwani ameuma misumari midogo mdomoni huku amekunja uso. Ndiye mimi. Kochi kuukuu likiletwa kuvalishwa upya, kwanza unalivua. Unachana kitambaa, unatoa sponji, na huko chini unakuta maisha ya watu: vifungo, kalamu, hereni moja, jino la mtoto. Sisi mafundi tuna desturi yetu ambayo haijaandikwa popote. Takataka ni zako, kitu cha maana kinarudi kwa mwenyewe.

Siku moja nilikuwa navua kochi la nyumba fulani ya Milimani, kochi zito la watu wenye nafasi, na chini ya springi nikakuta kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe. Nilikifungua. Kilisema tak. Nilikikunja, nikakifungua tena, na sijui nilikaa pale muda gani, maana gundi niliyokuwa nimepaka ilikauka kabla sijabandika kitu. Mwenye kochi alipokuja mwenyewe kulichukua aliniuliza kama nilikuta chochote ndani. Nikamwambia nilikuta vifungo viwili, nikampa vifungo viwili. Alinishukuru sana kwa uaminifu wangu.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Jumapili nilikuwa natoka kanisani wimbo wa mwisho haujaisha, nakwenda zangu soko la Kibuye, kwa wale wanaotandaza gunia chini na kupanga kufuli zisizo na funguo, mifereji ya maji, miwani ya marehemu na visu. Nilijifunza kutembea kama mtu anayetafuta mfereji. Ukionyesha unataka kisu umekwisha. Nilikuwa nachuchumaa, nashika hiki na kile, na kifua kinanidunda kama kijana aliyemwandikia msichana barua. Nikikiona chenyewe, mate yananikauka.

Watu huniuliza kwa nini visu. Jirani yangu hapa, anayechomelea milango ya chuma, ana ugonjwa wa mpira. Timu yake ya Ulaya ikifungwa hali chakula siku nzima, na hakuna anayemuuliza kwa nini mpira. Lakini basi, nitajibu. Kuna ule ufa mdogo ubavuni mwa bapa, wa kuwekea ukucha. Unavuta, springi inakukatalia kidogo, halafu inakubali. Unakuwa na kitu mkononi kinachoweza kumtoa mtu utumbo. Unakikunja, kinarudi kulala, na unaweza kukaa nacho karibu na paja lako mbele ya mchungaji. Hakuna anayejua. Mtu wa kawaida kama mimi, anayeamrishwa na kila mwenye kochi, hana vitu vingi vya namna hiyo.

Ubaya ni kwamba havidumu. Nikikileta nyumbani, nikakiosha, nikakinoa kwenye kinoo, nikakipaka mafuta, kinaanza kufa mkononi mwangu. Siku ya tatu ni chuma tu. Basi moyo unaanza kuwasha tena, nami nangoja Jumapili. Mlevi husema ataacha kesho. Mimi sikuwahi hata kusema.

Na jibu lenyewe, kama mnalitaka kweli, liko Nyakach.

Nyumbani kwetu ni mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Katito. Baba alikuwa fundi wa nyavu. Asubuhi alishuka ufukweni na kisu chake mfuko wa kulia wa suruali, akikatia nyuzi, akarudi nacho saa za jioni. Kilikuwa na mpini wa mti uliokolea jasho mpaka ukawa mweusi, shaba miishoni, na mabapa mawili, dogo limevunjika ncha. Alipokuwa na furaha alileta muwa. Aliumenya polepole, akakata vipande, akagawa kwa umri: kwanza kaka yetu, mkubwa wetu, kisha dada, kisha mimi kitinda mimba. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa kile kisu. Ila mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo na msumbufu, aliniruhusu kukisikia. Alikisogeza karibu na sikio langu, akakikunja. Tak. Kisha alikipangusa pajani na kukirudisha mfukoni. Nadhani hiyo tak ndiyo nimekuwa nikiinunua Kibuye miaka yote hii.

Mama alitangulia kufa. Baba alipozeeka, aliyemtunza ni dada. Alikuwa ameolewa upande wa Kendu Bay, ndoa ikavunjika kwa sababu hakupata mtoto, akarudi. Binti aliyeolewa kisha akarudi kwao, kwetu huitwa migogo, na mambo yake ni magumu. Boma la baba si lake tena na la mume si lake. Anakaa kwa hisani ya baba, na baba akiondoka, kwa hisani ya kaka zake. Baba alimjengea kijumba cha udongo na mabati karibu na ua, mkubwa wetu akasimamisha nguzo ya kwanza kama inavyotakiwa, maana mwanamke hajisimamishii nyumba. Akakaa humo miaka sita. Alimwogesha mzee, alimlisha uji kwa kijiko, alimgeuza kitandani. Mimi nilikuwa nakuja mwisho wa mwezi na mkate, nakaa saa mbili, naondoka naitwa mtoto mwema.

Baba akafa, miaka mitatu iliyopita.

Sasa, kwetu vitu vya marehemu havishikwi. Vinakaa vilivyo mpaka azikwe, kisha siku inapangwa, familia inaketi, vinatolewa nje juani na kutandazwa kwenye mkeka. Kigoda, fimbo, koti, kofia, redio, kila kimoja kinapewa mtu wake mbele ya macho ya wote. Anayechukua kitu kabla ya siku hiyo ni kama amemvua maiti. Mtoto wa darasa la pili analijua hilo. Na nililijua jambo lingine pia: kisu kingekwenda kwa mkubwa wetu. Yeye ndiye mrithi wa boma, na vitu alivyotembea navyo baba ni vyake. Mkubwa wetu hana haja na kisu. Angekatia kamba ya ng'ombe, akakisahau juu ya ukuta mvua ikinyesha.

Siku mwili ulipoletwa kutoka mochari nilitumwa chumbani kwa mzee kutoa kitanda ili jeneza lipate nafasi. Suruali yake ilikuwa imening'inia kwenye msumari juu ya kitanda. Nilikuwa peke yangu. Nje wanawake walikuwa wanalia, na nakumbuka niliwaza kwamba kilio kile kitafunika sauti. Nikatia mkono mfuko wa kulia. Nilijiambia msibani watu ni wengi, kitapotea, acha nikihifadhi. Haki ya nani, nilijiambia hivyo hivyo. Kisha nikakifungua, mara moja tu, na baba amelala kwenye sanduku upande wa pili wa ukuta. Tak. Nikatoka na kitanda mgongoni, na machozi yaliyokuwa usoni mwangu yalikuwa ya kweli, sijui mtanielewaje.

Ikafika siku ya kugawa. Tuliketi uani, mkubwa wetu, dada, mimi, na ndugu wawili wa baba. Vitu vilitandazwa. Mkubwa wetu ni mtu wa sauti ndogo, hakuwahi kupiga kelele maishani mwake. Alitazama mkeka akauliza kisu cha mzee kiko wapi. Dada akasema kwenye suruali. Suruali ilikuwa pale mbele yetu. Mifuko ikageuzwa nje, ikatoka tumbaku na kipande cha uzi wa nyavu.

Dada alishtuka kuliko wote. Alisema alikiona siku mzee alipopelekwa hospitali, alikigusa kwa nje alipoitundika ile suruali. Akaanza kukumbuka nani aliingia na nani alitoka. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye uliyetoa kitanda. Kisu kilikuwepo?"

"Sikuangalia."

"Hukuangalia, au hakikuwepo?"

"Dada, nimesema sikuangalia."

Kilikuwa kwenye soksi yangu ya kushoto. Nilikuwa nakisikia kwenye kifundo cha mguu kila nilipopumua. Mkubwa wetu akasema, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba aliyekaa na mzee ndiye anayejua mambo ya mzee. Ndugu za baba wakatazama chini.

Kisu kilipopotea, kumbe na tochi nayo haikuonekana. Na blanketi la buluu, ambalo kila mtu aliliona likienda hospitali na mzee. Maneno yakaenda mpaka Katito sokoni. Kila kitu kilichowahi kupotea katika boma lile tangu nizaliwe kikahamia mikononi mwa dada yangu. Baada ya mavuno mkubwa wetu alimwambia aende alikoolewa, kana kwamba kulikuwa na mtu kule anayemngoja. Mabati yake yakaezuliwa. Nilipokwenda mwisho wa mwezi na mkate wangu nilikuta mraba wa sakafu ya udongo, na jiwe lake la kusagia limeachwa katikati. Nilisimama pale nikalitazama. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, na mnajua ulikuwa umeshika nini.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Siku ya kwanza niliona haya. Wiki ya kwanza niliogopa. Baadaye kukawa na kitu kibaya zaidi, na nitakisema kama kilivyo. Visu vingine vyote hufa siku ya tatu. Hiki hakikufa. Sikuweza kumwonyesha mtu, sikuweza hata kukiacha kwenye sanduku na wenzake. Nilikuwa nakitoa karakana ikiwa tupu, nakifungua chini ya meza, na kila mara kilikuwa kipya kama siku ile. Niliacha kwenda Kibuye. Mke wangu alidhani nimepona, akatoa sadaka ya shukrani.

Dada alipanga chumba ufukweni, upande wa Kendu Bay, akawa anaparua na kukaanga samaki. Nilimwambia kwa simu aje akae nasi Nyamasaria. Akakataa, akasema nyumba ya kupanga ni nyumba ya kupanga hata ikiwa ya ndugu. Nilishukuru Mungu alipokataa. Ningewezaje kunywa naye chai kila asubuhi?

Mwaka huu, mvua zilipoanza, alinipigia. Miguu ilikuwa inamvimba. Daktari alimwambia ni moyo, akampa dawa, akamkataza chumvi na moshi, yeye ambaye riziki yake ni moshi. Hakuniomba chochote cha kununua.

"Kaongee na mkubwa," aliniambia. "Wewe anakusikia. Aniwekee nguzo nyumbani, hata nyumba ya chumba kimoja. Sitaki kufia huku kama mtu asiye na kwao."

Nililielewa neno hilo. Kwetu mtu hulazwa kwenye boma, mbele ya nyumba yake. Asiye na nyumba hutafutiwa pahali pembeni, nje ya ua, haraka haraka, watu wakitaka kwenda zao. Dada yangu alikuwa hapiganii ukuta na mabati. Alikuwa anapigania pale atakapolala moja kwa moja. Na kumwombea msamaha kwa wizi ambao hakuufanya nisingeweza, hata mimi.

Nilishuka Katito asubuhi, nikachukua pikipiki ya barabara ya Kendu Bay, nikamkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaparua samaki, ngege, kwa kipande cha bati. Miguu yake ilikuwa imejaa, ngozi inang'aa. Alifurahi kuniona. Alitaka kuinuka aniletee kiti. Nikamwambia akae, nikatoa kisu mfukoni, nikakiweka juu ya kiganja changu.

Alikitambua papo hapo. Hakukishika. Alikitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Nilikuuliza mbele ya watu," akasema.

"Ndiyo."

"Mara mbili."

"Mara mbili, dada."

Alinipiga kofi. Mkono ulikuwa na magamba na utelezi, na kofi lenyewe halikuwa na nguvu, maana mtu wa moyo mgonjwa hana nguvu za kupiga. Kisha akalia, kwa sauti, bila kujificha, wanawake wa meza za jirani wakageuka. Akanitukana kwa Kijaluo tusi ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake, nami nikalipokea. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, nimesimama kwenye matope ya ufukwe kama mtoto aliyeshikwa na sukari, na nilijichukia. Lakini nitasema na hili: alipokuwa analia, maji ya samaki yalinirukia kiganjani, nami bila kufikiri nikakipangusa kisu kwanza.

Alipotulia hakutaka maelezo. Hakuniuliza kwa nini. Alisema niende kwa mkubwa saa hiyo hiyo, si kesho, nikaseme yote kama yalivyokuwa, na kisu nikitie mkononi mwake. Kilikuwa cha nyumbani, kirudi nyumbani. Mkubwa akikishika kwa mkono wake ataona alikosea, na atamwita. Aliyasema kwa uhakika kabisa. Nilimwona akikunjua mgongo, kama nguzo imeshasimamishwa.

Nilifika nyumbani jua liko utosini. Mkubwa wetu alikuwa chini ya kivuli cha ghala, anatengeneza mpini wa jembe. Aliniambia nina magamba ya samaki shavuni. Nikajifuta, nikaketi, nikasema. Nilisema yote: kitanda, suruali, soksi. Nikakiweka kisu mbele yake juu ya kigoda cha baba.

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa laana, kwa kuitiwa ndugu za baba. Nilikuwa nayataka, kusema kweli. Badala yake akatabasamu kidogo, akatikisa kichwa, kama vile nimemwambia niliwahi kuiba sukari ya mama.

"Omera, ndugu yangu, wewe na visu," akasema. "Tangu ukiwa mdogo."

Nikamwambia sikuja kwa ajili yangu. Nikamweleza habari ya miguu, daktari, moyo. Nikamwambia dada hakuiba, anataka nguzo tu, hata chumba kimoja. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ni msikivu. Kisha akanionyesha kwa mpini wa jembe. Pale palipokuwa na kijumba cha dada palikuwa na nyumba ya tofali imefika kwenye madirisha. Mwanawe wa kwanza alikuwa amepewa sehemu ile, nguzo imeshawekwa, watu wameshakula na kunywa. Jambo lililofanywa kwa utaratibu halibomolewi. Akasema dada ni mtu aliyeolewa, kwao ni kule, na kisu kilikuwa sababu tu, hata bila kisu siku ingefika. Aliyasema taratibu, bila chuki. Nilitamani awe na chuki.

"Basi mwambie tu hakuiba," nikamwomba. "Mwite, umwambie mwenyewe."

Akasema kufukua maneno ya zamani kutaleta maneno mapya. Kisha akachukua kisu. Nilimwona akikipima mkononi, akajaribu kukifungua, ukucha ukateleza, hakukiweza. Akanirudishia.

"Kaa nacho. Mzee angependa kiwe kwako. Sasa nimekupa mimi, si cha wizi tena."

Nilipaswa kukikataa. Nilipaswa kukitupa pale kwenye msingi wa ile nyumba ya tofali. Ndugu zangu, nilisema asante. Na ilitoka moyoni. Miaka mitatu nilikuwa nacho kama mwizi, na sasa nilikuwa nimepewa mchana kweupe na mrithi wa boma. Furaha ilinijia kwanza, mbio, ikanijaza kifua, ndipo aibu ikafuata nyuma ikichechemea. Nilikitia mfuko wa kulia, mahali alipokiweka baba.

Nikarudi ufukweni, maana nilikuwa nimeahidi kurudi. Dada alikuwa amemaliza kuparua. Alikuwa amenawa uso na kufunga kitambaa kisafi kichwani, kama mtu anayengoja mgeni au safari. Akauliza kama nilisema. Nikamwambia nilisema yote. Akauliza mkubwa alijibu nini. Nikamweleza habari ya nyumba ya tofali, nikiangalia miguu yangu. Hakulia safari hii. Aliuliza imefika wapi, nikamwambia madirishani. Akaitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi.

"Na kisu?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwangu, na kisu kilikuwa mfukoni, kimepata joto la paja. Nilijua nikimwambia ataninyooshea mkono, akitake, na ana haki nacho kuliko mtu yeyote aliye hai. Angekiparulia ngege. Kingeharibika kwa wiki moja.

"Amekichukua," nikasema.

"Amekishika kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

"Basi," akasema. "Angalau hicho kimerudi nyumbani."

Kisha akasema nisiende mikono mitupu, mke wangu atauliza nilikuwa wapi. Akachagua ngege wawili wakubwa, akawafunga kwenye gazeti, akazungushia kamba ya katani mara mbili na kukaza fundo. Akatazama kulia na kushoto kutafuta cha kukatia. Kile kipande chake cha bati kilikuwa butu, alijaribu nacho, kamba ikagoma. Akaniuliza kama sina kitu chochote chenye makali. Nikamwambia sina. Basi akainama, akaiweka kamba mdomoni, akaanza kuitafuna. Ana meno machache upande wa kushoto, kwa hiyo ilimchukua muda, na alikuwa akipumzika katikati kutafuta pumzi. Mimi nilisimama mbele yake nikimshikia samaki mpaka alipomaliza.